Unakuja na watoto?

Nzuguni, saa tano asubuhi, jua la Dodoma limeshakaza. Dalali kabaki nje ya geti anaongea na simu, mimi niko uani na mama mwenye nyumba. Nimehamishiwa kazi hapa kutoka Dar es Salaam, natafuta nyumba ya kupanga. Nimeshaona vyumba vitatu, sebule, jiko, choo cha ndani na kingine cha nje. Bomba la jikoni nimelifungua halikutoa kitu, nikaambiwa leo si siku ya mgao. Mita ya LUKU ni ya peke yake. Kodi laki tatu kwa mwezi, inalipwa miezi sita kwa mkupuo. Moyoni nilikuwa nimeshaichukua.

Ndipo yule mama akaniuliza, "Unakuja na watoto?"

Nikajibu swali kwa swali. "Kwani mama, bei inabadilika?"

"Bei haibadiliki, mwanangu. Maji ndiyo yanabadilika."

Akanishika mkono tukazunguka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na simtanki la lita 2,000 juu ya kimnara cha matofali, linalohudumia nyumba mbili: hiyo ninayotaka kupanga na kinyumba cha uani anachoishi yeye na wajukuu wake wawili. Akapanda ngazi mbili za matofali, akaanza kuligonga kwa kifundo cha kidole kutoka juu kushuka chini. Likalia tupu, tupu, tupu, hadi chini kidogo ya nusu sauti ikawa nzito.

"Hapa ndipo yalipo," akasema. "Haya ni ya mpaka Jumamosi."

Akanieleza bila kuzunguka. Mpangaji aliyetoka alikuwa mtu wa peke yake, anaondoka alfajiri na kurudi usiku, Ijumaa yuko safarini Dar. Kwa mtu wa namna hiyo tangi linatosha kutoka mgao hadi mgao. Nikija na watoto watatu na dada wa kazi, halitatosha, na ugomvi wa maji baina ya watu wanaotumia ua mmoja hauna dawa. Basi kabla hajapokea hela yangu anataka kujua: ni mimi, au ni sisi?

Sikuwa na jibu.

Nikamwambia nitampigia. Dalali aliponiuliza kwenye bajaji imekuwaje, nikasema bado nafikiria. Nilifikiria wiki nzima, na iliyofuata, na nyingine.

Kila mtu ana mtaa wake wa kukupa

Barua ya uhamisho ikishatoka, watu wote unaowajua wanakuwa washauri wa makazi. Ofisi yetu iko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kama kilomita 17 mashariki ya katikati ya mji. Kwa hiyo wengi walinielekeza upande huohuo wa barabara ya Dar es Salaam: Kisasa, Ilazo, Ipagala, Nzuguni, na wale wanaopenda utulivu wakasema Ihumwa. Aliyesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, akanisukuma Iyumbu, kwa hoja kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa iko karibu na upepo ni mzuri. Mwingine akasema niende Nkuhungu, kodi ni nafuu, na kwamba hao wa mashariki wananunua jina. Mzee mmoja wa ofisini, aliyeingia Dodoma zamani, alitikisa kichwa kwa yote hayo akasema mtu akae Area D au Area C, karibu na mji, aende sokoni kwa miguu.

Wote wanasema kweli. Nilizunguka na madalali karibu sehemu zote hizo, nikilipa hela ya kuzungushwa kila mahali, na kila mtaa una utetezi wake. Ukikaa mjini una soko la Majengo na hospitali ya mkoa, na giza halikuogopeshi. Ukikaa mashariki unafika kazini bila kukatiza mji. Nzuguni kuna Stendi Kuu ya mabasi na Soko la Ndugai vinatazamana, mboga na safari viko mlangoni. Iyumbu kuna nafasi, mtoto anaweza kukimbia.

Lakini ushauri wote ule ulihusu nyumba iko wapi. Hakuna aliyeniuliza nani atalala ndani yake. Nadhani ni adabu. Mwanamke mwenye mume na duka Kariakoo akipewa uhamisho, watu wanajua kuna jambo zito nyumbani kwake, wanaongea kuhusu mitaa ili wasiliguse.

Yule mama wa Nzuguni aliligusa kwa sababu ya maji.

Hesabu za mume wangu

Siku niliyorudi nyumbani Tabata, Dar es Salaam, tulikaa mezani watoto wakishalala. Mume wangu ni mtu wa daftari, anauza vipuri vya pikipiki na hesabu zake hazina huruma wala hila. Alisema: treni ipo.

Na ni kweli ipo. Tangu Julai 2024 treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma, mambo ya familia za watumishi yamebadilika kuliko ilivyowahi kutokea. Basi lilikuwa linakula siku nzima. Ukifika Ijumaa usiku umechoka, Jumapili asubuhi unaanza kukunja nguo. Treni inakimbia mwendo huo kwa saa tatu na nusu hadi nne. Nauli ya daraja la kawaida ilivyopangwa mwanzo ilikuwa shilingi 31,000. Akaandika: kwenda na kurudi 62,000, mara nne kwa mwezi 248,000. Akaongeza chumba kimoja chenye choo cha ndani huko Dodoma, umeme na chakula cha mtu mmoja. Upande wa pili akaandika kodi ya nyumba nzima, ada za shule mpya, sare, gari la kuhamisha vyombo, na duka lisilo na mtu wa kumwachia.

Upande wa kwanza ulikuwa mdogo.

"Hatuhami," akasema. "Wewe ndiye unayeenda kazini mbali kidogo."

Aliyasema kwa upole, akitafuta kunipunguzia mzigo. Nililala nikiwa nimeshakubali. Asubuhi nilipokuwa namsuka mdogo kabla ya shule nikajikuta nahesabu jambo ambalo halikuwa kwenye daftari: ni asubuhi zipi zitakazonikuta nikimsuka. Jumamosi hana shule.

Sikumwambia mume wangu siku hiyo. Nilijua nikilisema wakati huo litasikika kama machozi dhidi ya hesabu, na mimi nilitaka nije na hesabu pia.

Mji wa watu waliosubiri

Nilipoanza kazi, nikalala kwa muda kwenye nyumba ya wageni karibu na mji, nikawa natazama Dodoma kwa jicho la mtu anayejiuliza kama atabaki. Kuna kitu unakiona haraka: vyumba vya mtu mmoja ni vingi mno. Nyumba ndefu zenye milango mitano, sita, kila mlango chumba na choo chake, mbele kibaraza cha kuwekea viatu. Lodge kila kona. Nyumba ya vyumba vitatu yenye ua wa mtoto kuchezea unaitafuta kwa tochi, na ukiipata ina watu wanaoisubiri.

Wajenzi hawakukosea, walijenga kwa ajili ya wateja waliowaona. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ikaundwa mwaka huohuo kuupanga mji, na kwa zaidi ya miaka 40 serikali yenyewe iliendelea kukaa Dar es Salaam. Bunge lilihamia miaka ya 1990, lakini wabunge walikuja kwa vikao na kuondoka kwa vikao. Hadi leo likianza Bunge la bajeti mwezi Aprili, nyumba za wageni zinajaa na bei zinapanda. Likiisha Juni, funguo zinarudi kaunta. Kuja, kulala na kuondoka ndiyo biashara iliyowalipa watu hapa kwa muda mrefu.

Ndiyo maana Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote inahamia, wengi tuliokuwa Dar tulisikia kama wimbo tuliouzoea. Safari ile mambo yakawa kweli. Wizara zikaja, mwaka 2017 CDA ikavunjwa, mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa Jiji. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 410,956 hapa, ya 2022 ikawakuta 765,179. Mji umekaribia kuwa mara mbili ndani ya miaka kumi.

Lakini maji yanayonywewa na watu hao bado yanategemea sana visima vya Mzakwe, na mvua ni ileile ya nyanda kame, kama milimita 570 kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua, halafu upepo wa Juni na Julai unaobeba vumbi hadi kwenye sahani. Kwa hiyo mama mwenye tangi la lita 2,000 anapouliza watu wangapi, anauliza swali la mji mzima.

Tena naona watu wa namna mbili wanaishi hapa kwenye mtaa mmoja. Wapo waliohamia na wapo wanaosubiri, na unawatambua kwa miti. Dodoma mti hauoti wenyewe. Ukipanda mwarobaini lazima uumwagilie kiangazi cha kwanza, cha pili, na pengine cha tatu, kwa maji hayohayo unayogombania. Mtu anayehesabu miezi ya kurudi Dar hapandi mti. Tembea Nzuguni mchana uangalie ua upi una kivuli, utajua nani anatarajia kuwepo miaka mitano ijayo.

Begi nyuma ya mlango

Kuna dada tunayefanya naye kazi, simtaji, ameniruhusu niandike. Alikuja miaka kadhaa kabla yangu, familia ikabaki Dar. Alichukua chumba kimoja karibu na mji, "kwa muda tu". Godoro chini, jiko la gesi la mtungi mdogo, ndoo mbili, na begi nyuma ya mlango ambalo halikuwahi kufunguliwa lote. Kila Ijumaa basi, baadaye kila Ijumaa treni.

Aliniambia hakununua kitanda mwaka wa kwanza kwa sababu alikuwa anaondoka. Mwaka wa pili hakununua kwa sababu aliona aibu kununua sasa.

Usiku mmoja homa ilimpanda, akatapika mpaka akashindwa kusimama. Ilikuwa katikati ya wiki. Alikuwa na namba za wenzake wa kazini, wote wanakaa mbali, saa nane usiku simu hazikupokelewa. Majirani wa milango mingine aliwajua kwa salamu ya "za asubuhi" tu, jina la hata mmoja hakulijua, na wao hawakujua lake. Alimpigia bodaboda anayempeleka kazini. Yule kijana akaja, akaona hali, akarudi kutafuta bajaji, akamfikisha hospitali, akakaa naye mapokezi mpaka alfajiri. Karani alipouliza ndugu wa mgonjwa ni nani, yule bodaboda akaandikwa yeye.

"Nilikuwa na watu kibao," aliniambia. "Wote walikuwa kilomita 450 kutoka pale."

Hakunishauri chochote. Alinisimulia tu tukisubiri gari la jioni. Lakini mimi nilipanda lile gari nikiwa nimeshaanza kuondoka upande wa hesabu za kwanza. Mimi na yeye tulikuwa na hesabu zilezile, na hesabu hizo hazikumdanganya: kweli aliokoa fedha, amejenga Kibaha. Ila alichagua chumba kinachomfaa mtu anayeondoka, na kile chumba kikamfanya awe mtu anayeondoka, mwaka hadi mwaka.

Sisemi familia zinazokaa hivyo hazipendani. Nazijua nyingi, nyingine hazina njia: mzee anauguzwa Muhimbili, mtoto ana darasa la mtihani, mwenza ana ajira isiyohama. Mtu akae anavyoweza. Ninachosema ni kwamba sisi njia tulikuwa nayo, na tulikuwa tunakaribia kuipita kwa sababu treni imetuwezesha tusiamue.

Nilivyotafuta mara ya pili

Nilirudi Tabata na daftari langu. Sikuandika machozi. Niliandika kwamba nikiwa Dodoma siku tano, Tabata atahitajika mtu mzima wa pili, na mtu huyo analipwa au ni mama yangu mwenye miguu inayomuuma. Niliandika kwamba chumba, nauli za kila wiki na bajaji za stesheni miji yote miwili vinakula zaidi ya laki tano kwa mwezi, na kodi ya nyumba nzima ni laki tatu. Niliandika kwamba duka lake lina kijana anayelifungua na kulifunga vizuri kwa miaka, na kwamba bosi anaweza kupanda treni kama mtumishi anavyoweza.

Mume wangu alilitazama daftari kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu: "Shule?"

Hapo ndipo utafutaji wa kweli ulipoanza, na mitaa yote niliyokuwa nimeiona ikageuka sura. Nilipokuwa natafuta kama mtu mmoja nilikuwa naangalia tailizi, geti, na dakika za kufika Mtumba. Sasa nilikuwa naanza na mtoto wa darasa la pili: atatoka getini aende wapi kwa miguu yake, na atakatiza barabara gani? Nyumba moja nzuri sana ya Ilazo niliiacha hapohapo, kwa sababu njia ya shule ilipita kwenye barabara yenye malori. Nyingine ya Iyumbu niliipenda, lakini jirani wa karibu aliyejenga yuko kiwanja cha nne, katikati ni vichaka, na binti yangu mkubwa atakuwa anarudi twisheni saa kumi na mbili jioni.

Madalali hawapendi hili, lakini nyumba usiione mchana tu. Mchana kila mtaa umetulia, watu wako kazini. Nenda jioni taa zikiwaka, usikilize baa iko wapi na muziki wake unafika wapi. Uliza dukani wanafunga saa ngapi. Duka linalofungwa saa moja lina habari ya kukupa kuhusu mtaa wake. Waulize wapangaji maji yanatoka siku zipi, usimuulize dalali. Angalia ukuta kwa chini kama una mstari wa tope, maana kiangazi kinaficha mabonde, na kuna sehemu za udongo mweusi ambazo mvua ya Januari ikipiga gari haliingii. Halafu nenda ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya kulipa. Mimi nilikwenda kujitambulisha tu, nikamkuta mtendaji na akina mama wawili wakipanga msiba wa jirani. Waliniuliza natokea wapi, nikaeleza, mmoja akasema, "Basi ukija utatukuta." Nilitoka pale nikijua mtaa ule una watu.

Ulikuwa mtaa wa yule mama wa tangi.

Nilimpigia simu nikidhani nyumba imeshachukuliwa. Haikuwa imechukuliwa, walikuja wawili, akasema, wakashindwana. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia, "Mama, ni sisi. Watoto watatu, dada, na mimi. Baba yao atakuwa anakuja wiki kwa wiki."

"Basi tuongee tangi," akasema.

Tulikubaliana hivi, na imo kwenye mkataba kwa maandishi: sisi tunanunua simtanki la pili la lita 2,000 na kulijengea kimnara, gharama inakatwa kwenye kodi ya miezi sita ya pili, tukihama tangi linabaki. Maji ya boza mgao ukipotea tunachangia nusu kwa nusu. Yeye akaongeza sharti lake: maji ya kufulia yasimwagwe, yaende kwenye miche ya mwarobaini aliyopanda kando ya ukuta. Nikasaini.

Yaliyobaki

Wawili wadogo walipokea habari vizuri. Wa katikati alitaka kujua kama kuna bahari, nikamwambia hakuna, akafikiri kidogo akauliza kama kuna nyani. Nikamwambia tutapanda mlima tukaangalie.

Binti mkubwa alinyamaza. Yuko kidato cha kwanza, mwakani ana mtihani wa kidato cha pili, ana marafiki aliosoma nao tangu chekechea na mwalimu wa hesabu anayemwelewa. Kumhamisha kunahitaji nafasi kwenye shule inayompokea, nayo nimeshaiulizia na ipo. Lakini nafasi kwenye karatasi haikumfariji. Kwa siku kadhaa alijibu mambo mengine yote isipokuwa hilo. Nilimwelewa kuliko alivyojua. Na mimi nimetoka kuaga ofisi niliyoizoea, na bado nikipita njia ya zamani moyo unavuta.

Mwisho alikuja jikoni akaniambia hakatai kuhama, ila anataka kuiona shule kabla hatujalipa ada, aingie darasani, aongee na wasichana wa pale bila mimi kusimama pembeni. Tumekubali. Wiki ya kwanza ya likizo ya Desemba tunapanda naye treni, yeye na baba yake na mimi. Kuna shule ya pili nimeiandika pembeni, upande huohuo wa mji, ikiwa ya kwanza moyo wake utaikataa. Tangi limeshapandishwa.